Kichaka Kisichokufa kwa Moto

Leo tutazungumza habari za mti mdogo mnaoujua sana. Jina lake ni mkulagembe. Katika Usukuma na Unyamwezi wengi huuita mtundulu. Una miiba migumu. Ua lake huning'inia, nalo lina rangi mbili: juu zambarau, chini manjano. Maganda yake hujikunja pamoja, na mbuzi huyapenda.

Sasa nawauliza. Moto ukipita porini mwezi wa Septemba, mkulagembe huungua mpaka chini. Lakini baada ya muda mtaona machipukizi mabichi. Yametoka wapi?

Yametoka chini ya ardhi. Moto wa majani hupita upesi. Huchoma vilivyo juu, lakini joto lake haliingii sana udongoni. Huko chini mizizi imeweka akiba ya chakula, kama vile mtu alivyoweka mtama ghalani. Tena mizizi hiyo hutambaa, na chipukizi huweza kutoka mbali na shina la kwanza. Kwa hiyo ukikata shina moja, pengine utapata mengi.

Watu wa Shinyanga waliliona jambo hili zamani. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilitaka kufukuza mbung'o. Kazi hiyo iliongozwa na Bwana C. F. M. Swynnerton. Watu walifyeka pori. Majani yaliachwa yakauke kabisa, kisha yakachomwa mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali. Hata hivyo, visiki vilivyobaki ardhini vilichipua tena.

Je, basi tuchome tu, maana mti haufi? Hapana, ndugu zangu. Moto ukija kila mwaka, chipukizi halipati nafasi ya kurefuka. Miche midogo iliyoota kwa mbegu hufa. Na majani ambayo ng'ombe wangekula wakati wa kiangazi huwa majivu.

Ndiyo maana wazee wa Usukuma walitenga ngitili. Mifugo haikuingia humo wakati wa mvua, ila wakati wa ukame. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nao ulifuata desturi hiyo. Sehemu nyingi miti ilirudi yenyewe, kwa sababu mizizi ilikuwa hai bado.

Nanyi mlio Geita, mnaokata miombo kwa mkaa au kwa matimba ya maduara, sikilizeni. Miombo nayo huchipua. Ukikata mti, acha kisiki. Machipukizi yakitoka, chagua mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine, na uyalinde na moto na mbuzi. Ukichimba kisiki ukapata mkaa zaidi leo, mwanao hatapata mti mahali pale.

Lakini shambani mambo ni mengine. Mkulagembe ukiingia kwenye mtama wako, usidhani kiberiti kitakusaidia. Ng'oa mizizi. Kuni zake ni nzuri, huwaka polepole.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini moto hauui mizizi?
2. Katika kijiji chenu, nani huwasha moto porini, na kwa sababu gani?
3. Mwaka huu mtalinda visiki vya mahali gani?