Jamaa Ikikutana, Tuzungumze Nini?

  

Leo sitazungumza juu ya mikataba ya wakubwa wa nchi. Nataka tuzungumze juu ya jamaa. Vita vilitutawanya. Siku moja Mungu anasaidia, watu wa jamaa moja wanakutana tena mahali pamoja, siku mbili au tatu. Wanapika, wanaimba, wanalia kwa furaha. Basi nawauliza: siku hizo mbili tatu zinatosha kurudisha amani? Au zinaweza kuwasha moto mwingine?

Nitawaeleza jambo lililotokea katika jamaa yangu mwenyewe. Majina nitayaficha, maana wengine wananisikia.

Sisi ni watu wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika. Wanaopajua wanafahamu uzuri wake. Chini kuna bandari, mchanga na maji yasiyo na mwisho. Juu mlimani kuna Kirungu na hewa yake ya baridi. Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Baudouinville. Ni mji mdogo, lakini ni mji wa kupumzisha moyo.

Vita vilipoanza mwaka 1998, jamaa yetu iligawanyika sehemu tatu. Wengine walikimbilia Lubumbashi. Wengine walivuka mpaka mpaka Zambia, wakaishi katika kambi. Wengine walibaki kijijini, wakalala porini usiku na kulima mchana. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nilibebwa mgongoni. Amani ilitiwa sahihi Pretoria mwezi wa 12 mwaka 2002, lakini kwetu watu waliendelea kukimbia hata baadaye. Mwaka 2007 HCR ilianza kurudisha wakimbizi kutoka Zambia kwa meli, kutoka Mpulungu mpaka Moba. Ndivyo mama mmoja wa jamaa yetu alivyorudi: mke wa baba yangu mdogo, na binti zake watatu. Bwana wake hakurudi. Alizikwa kule kambini.

Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, wazee walisema: inatosha, tukutane. Watu walitoka Lubumbashi, walitoka Kalemie kwa boti, walitoka vijijini kwa miguu. Tulifika karibu watu sitini. Siku ya tano jioni tulipika bukari na sombe na mikebuka, tukala pamoja. Watoto waliokuwa hawajaonana hata siku moja walikimbia pamoja kwenye mchanga. Shangazi yetu mkubwa alikaa kwenye kiti akihesabu wajukuu, akakosea hesabu, akaanza tena. Nilisema moyoni: vita vimeisha kweli.

Siku ya posho usiku, lutuku ilikuwa imezunguka. Yule mama mjane alisema neno moja kwa sauti ya chini. Alimwomba ndugu mdogo wa marehemu bwana wake: «Shemeji, mabinti wamekuwa wakubwa. Tangu turudi nalima shamba la kukodi. Ninaomba shamba la baba yao.»

Wapenzi wasikilizaji, mmekwisha kufahamu. Baba mdogo alisimama. Alisema kwa mila yetu ya Kitabwa ukoo hufuata mama. Watoto hawa ni wa ukoo wa mama yao. Shamba ni la ukoo wetu. Tena ni mabinti. Tena, wakati wao walipokuwa Zambia wakipewa unga na mafuta, nani alilinda shamba lile? Nani alipigwa kwa ajili yake?

Hapo nikafanya kosa langu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria. Katika mfuko wangu kulikuwa na Sheria ya Jamaa, ile ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Nikasimama mbele ya wazazi wangu, usiku, watu wamekwisha kunywa, nikaanza kusoma. Nilisema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza; wanapata sehemu tatu juu ya nne za mali; wanagawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Na kila neno liliongeza kuni motoni. Baba mdogo alinijibu: «Wewe na karatasi zako, wewe si wa ukoo huu pia.» Vijana wake walisimama. Vijana wa Lubumbashi walisimama. Sahani zilivunjika. Mtoto mmoja alianza kulia, akauliza kama askari wamekuja.

Ndugu zangu, neno lile la mtoto lilituaibisha wote. Shangazi mkubwa alituambia maneno machache tu: «Nendeni mkalale. Kesho, kabla ya jua kali, chini ya mwembe. Pombe isionekane.»

Asubuhi tulikaa chini ya mwembe. Shangazi hakuuliza shamba ni la nani. Alisema: «Kwanza kila mtu aeleze alivyopita katika vita. Mmoja akisema, wengine wanyamaze.» Ilichukua muda mrefu. Mjane alieleza namna bwana wake alivyougua, na namna alivyotaja mpaka siku ya mwisho mti na kijito cha shamba lake, ili mabinti wasisahau. Halafu baba mdogo alieleza. Alisema alichimba kaburi la mama yao yeye peke yake, bila ndugu hata mmoja. Alisema alilipa wenye bunduki mbuzi na mihogo ili wasichome nyumba. Alisema: «Mliporudi, mlisalimiwa kama mashujaa. Mimi hakuna aliyeniuliza nilikuwa namna gani.» Akalia, mtu mzima. Sisi tuliotoka Lubumbashi tulitazama chini, maana ilikuwa kweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Kisha shangazi alisema neno lililokata shauri. Alisema: «Mdogo wangu anasema mila. Vema. Kwa mila, shamba la ndugu yetu si lako wewe peke yako. Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Mtoto wangu wa kiume ndiye mpwa. Yeye pia angeweza kulidai. Basi mimi na mtoto wangu, mbele yenu nyote, tunaliacha kwa mabinti wa marehemu. Sasa wewe sema.» Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Mwishoni alisema: «Na mihogo yangu iliyo ardhini?»

Swali lile lilikuwa mlango. Mtu anayeuliza juu ya mihogo yake amekwisha kukubali kuzungumza. Ndipo waliponiita mimi na karatasi zangu, safari hii kwa saa yake. Niliwaonyesha kwamba sheria haimfukuzi baba mdogo mikono mitupu. Ile robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu kama wangali hai, na ndugu zake. Niliwaeleza pia kwamba tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali. Sisi tunashika haki ya kuitumia, na haki hiyo inalindwa vizuri zaidi pale ambapo jamaa inasema neno moja.

Walipatana hivi. Shamba ni la mabinti watatu na mama yao. Baba mdogo atavuna mihogo yote aliyopanda, bila haraka. Sehemu ya kijitoni, aliyoifyeka yeye mwenyewe kwa nguvu zake, itabaki mkononi mwake. Tuliandika karatasi tatu. Waliojua kuandika walitia sahihi, wengine walitia kidole. Moja ilipelekwa kwa chefu wa kijiji, na mwezi uliofuata majirani waliitwa kutembea kwenye mipaka.

Sitawadanganya. Si wote waliofurahi. Kijana mmoja wa baba mdogo aliondoka bila kuaga, na mpaka leo si rahisi kuzungumza naye. Lakini hakuna panga lililoinuliwa. Na mabinti wanalima.

Wasikilizaji, wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Kwetu jembe lenyewe ndilo linalogombaniwa. Mapigano mengi tunayoyaita ya kabila huanza na mpaka wa shamba kati ya watu wanaojuana kwa majina. Wenye kutafuta vijana wa kubeba bunduki wanajua hivyo. Wanatafuta kijana aliyetoka kwenye mkutano wa jamaa na hasira. Kwa hiyo mkutano wa jamaa si sikukuu tu. Ni baraza la kwanza la amani.

Nachukua basi maneno matano ya kuwaachia.

Neno la kwanza: mambo mazito yawekewe saa yake. Msiyaache yajitokeze usiku katika pombe. Wazee wapange mapema: leo ni kula na kusalimiana, kesho asubuhi ni kuzungumza. Chakula hakiponyi neno lililofichwa.

Neno la pili: sikilizeni aliyekimbia na aliyebaki. Aliyekimbia anafikiri aliyebaki alitajirika. Aliyebaki anafikiri aliyekimbia alipumzika. Wote wawili wanakosea. Kabla ya kuuliza «shamba ni la nani?», ulizeni «ulipita namna gani?»

Neno la tatu: wamama na mabinti waseme. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inaiamuru Serikali kuondoa kila ubaguzi juu ya mwanamke. Mila zetu nazo, tukizitazama vizuri, zina nafasi ya shangazi na ya dada. Mara nyingi anayesema «mila inakataza» amechukua nusu ya mila na kuacha nusu.

Neno la nne: andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa nawaambia hasa ninyi mlio kambini, msiokuwa na namna ya kukutana mwaka huu. Msingoje. Nunueni kadaftari kadogo. Andikeni majina ya watu wa jamaa, waliozaliwa na waliokufa, mahali na mwaka. Andikeni shamba liko wapi, jirani wa kulia ni nani, wa kushoto ni nani, mti gani, kijito gani. Mzee asiyejua kuandika aeleze, mtoto wa shule aandike. Kumbukumbu ya mzee ikizikwa kambini, hata hakimu mwema atakosa pa kushika. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinasema wazi kwamba jamaa zilizotenganishwa zisaidiwe kuungana tena mapema inavyowezekana, na kwamba mali waliyoiacha ilindwe. Hiyo ni haki yenu. Lakini haki huhitaji ushahidi, na ushahidi ninyi ndio mnao.

Neno la tano ni lenu, machefu na wakubwa wa vijiji. Shamba la mtu aliyekimbia si shamba lisilo na mwenyewe. Mkimpa mwingine alime ili watu wasife njaa, ni vema. Lakini mwambieni mbele ya mashahidi kwamba ni kwa muda, na andikeni. Msipokee mbuzi wa huyu na mbuzi wa yule. Jamaa ikiwaletea karatasi ya mapatano, itunzeni kama mnavyotunza kofia ya uchefu. Wakishindwa kupatana, wapelekeni kwa amani kwenye Tribunali ya Amani, mahali ambapo mambo ya jamaa na urithi yanapokelewa. Kwenda kwa hakimu si matusi kwa mzee. Matusi ni kuacha watoto wa mzee wauane.

Na mimi mwanasheria nina neno langu mwenyewe. Nilifikiri sheria inatosha kusomwa. Nimejifunza chini ya mwembe kwamba sheria ni kama mbegu: ni njema, lakini ukiitupa juu ya jiwe la hasira haioti. Kwanza watu walainishe ardhi kwa kusikilizana. Halafu sheria inashika mizizi, nayo inamlinda mjane siku ambayo shangazi hatakuwapo tena.

Siku ile ya Mungu jioni, kabla ya kuagana, tuliwasimamisha watoto wote kwenye mchanga, kila mmoja aseme jina lake na jina la nkambo yake. Watoto wa baba mdogo na mabinti wa marehemu walitaja nkambo mmoja. Shangazi alihesabu tena wajukuu. Safari hii hakukosea.

Wapenzi wasikilizaji, mkikutana mwaka huu, kuleni vizuri, chezeni, imbeni. Lakini msiagane kabla ya kuzungumza. Na wewe uliye mbali na wako, leo jioni anza na jina moja kwenye daftari.

Amani iwe nanyi, na iwe katika jamaa zenu. Kwaherini.