Moto wa Rangi Huanzia Kwenye Msasa

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Wengi wenu mnaosafiri kwa matatu hapa Nairobi mmeiona ile miali ya moto inayochorwa kwenye magari. Huanzia kwenye boneti, ikalamba ubavu mzima hadi karibu na magurudumu ya nyuma. Leo nataka kuzungumza na kijana anayetamani kujifunza kuichora, na pia na mwenye gari atakayempa kazi. Hawa wawili kosa lao ni moja: wote wanatazama rangi tu, wala hawaulizi chini yake pana nini.

Moto huu ulipata sifa huko Marekani, hasa California, katika miaka ya 1950, vijana walipokuwa wakiyafufua magari makuukuu ili yaende mbio. Miongoni mwa mafundi waliovuma wakati huo ni Kenneth Howard, aliyejulikana kwa jina la Von Dutch. Huku kwetu ukachanganyika na sura za wanamuziki na wachezaji wa kandanda. Mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zikavishwa mstari wa manjano na michoro ikafifia barabarani. Baadaye ikarudi, na wanagenzi nao wakarudi magerejini.

Nilishinda nusu siku katika gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Palikuwa na kijana aliyekuwa katika mwezi wake wa tatu, na hakuwa amelishika bomba la kupulizia rangi hata mara moja. Kazi yake ilikuwa ndoo ya maji na msasa.

"Mzee, nitapulizia lini?" akauliza.

Fundi akapitisha kiganja juu ya mlango wa gari, akasimama mahali. "Siku kidole chako kitakapoliona kovu hili kabla ya jicho, tutazungumza."

Yule mzee hakuwa mkatili. Gari huoshwa kwa sabuni, kisha hupanguswa mafuta yote, kwani penye mafuta rangi haishiki. Halafu rangi ya zamani hupigwa msasa laini wa maji, kama namba 600, mpaka mng'ao wake uishe. Rangi mpya hujishikilia kwenye mikwaruzo ile midogo. Isipokuwapo, hubambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Ndipo huja tepu nyembamba ya milimita 3 hivi, ipindayo bila kukunjamana. Kwa tepu hiyo fundi huchora umbo la moto. Mwanagenzi hupenda kuifanya miali yote ilingane kama meno ya kitana. Moto wa kweli una tumbo nene na mkia mwembamba, na kila mwali hushika njia yake. Ubavu wa pili nao lazima ufanane na wa kwanza. Kwa hiyo mchoro hunakiliwa kwenye karatasi, mistari yake ikatobolewa vitundu kwa sindano, karatasi ikageuzwa na kupigwapigwa kwa kitambaa chenye unga wa chaki. Vidoti vinavyobaki kwenye bodi ndivyo njia ya tepu.

Sehemu isiyotakiwa rangi ikishafunikwa yote, fundi hupulizia safu nyembamba nyembamba: manjano kwanza, halafu rangi ya chungwa, na nyekundu kwenye ncha. Tepu hubanduliwa polepole rangi ingali changa, ukingo usije ukameguka. Kisha brashi ya nywele ndefu huzungusha mstari mwembamba kwenye kingo, na mwisho huja vanishi. Hesabuni wenyewe, wasikilizaji: katika kazi yote hiyo, ni muda gani uliokwenda kwenye kupulizia?

Sasa aingie mwenye gari. Kila siku gari linapolala gereji, yeye hukosa hesabu ya siku hiyo. Basi hulileta jioni akilitaka kesho kutwa, na bei huikata nusu. Fundi naye ana watoto. Hawezi kupunguza manjano wala nyekundu, kwa kuwa hizo zinaonekana. Hupunguza msasa. Gari hutoka liking'aa, mvua mbili tatu zikapita, kingo zikaanza kuinuka, na fundi akatukanwa. Hasara kubwa zaidi imebaki nyuma kule gerejini: mwanagenzi amejifunza kwamba msasa ni wa kurukwa.

Cha pili kinachokatwa ni pumzi ya mfanyakazi. Vanishi nyingi za siku hizi huchanganywa na dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Ndani yake mna kemikali za aina ya aisosianeti. Anayevuta ukungu wake aweza kupata pumu, na akishaathirika, hata kiasi kidogo chaweza kumbana kifua mpaka akaiacha kazi kabisa. Leso ya puani haiuzuii, wala barakoa ya karatasi. Kinachofaa ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira, na watu wengine wakae mbali.

Kwa hiyo, kijana, usianze na bomba. Tafuta boneti kuukuu kwa wauza vyuma chakavu. Lipige msasa, tandika tepu, ibandue, tandika tena. Jifunze brashi na rangi ya kawaida mahali penye hewa. Vanishi ya hadina mwachie mwenye vifaa hadi siku utakapokuwa navyo.

Nawe mwenye gari, kabla ya kuulizia bei, muulize fundi mambo mawili: msasa utachukua muda gani, na anayepulizia atavuta hewa ya wapi? Ukipata jibu lililonyooka, lilipie. Kijana wa Kirinyaga amesimama juani miezi mitatu kwa matumaini. Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema, lakini kivuli kitamfaa nini asiyeweza kuvuta pumzi?

Hadi juma lijalo, kwaherini.