Nani Tutamwita Usiku? Juu ya Kuhamisha Familia Changa kutoka Mlimani

(Mada iliyowasilishwa mbele ya waumini mjini Same, baada ya swala ya alasiri)

  



Tumetakiwa tuzungumze juu ya swali ambalo vijana wenye ndoa changa hutujia nalo mara kwa mara: je, inafaa mtu kumchukua mke wake na watoto wadogo akawahamishia katika mtaa ambao hawamjui mtu hata mmoja? Wengi wanaouliza hutarajia jibu la halali au haramu, na jibu la namna hiyo ni fupi mno. Kuhama ni jambo la mubaha, na mtu anayehama kwa ajili ya riziki, elimu au usalama wa watoto wake hana lawama. Uzito wa swali hauko hapo. Uko katika namna mtu anavyoamua, na katika nani anayelipa gharama ya uamuzi ule. Nasi tumeona ni uadilifu tuseme kwa yaliyotufika sisi wenyewe, kwani si vyema kuwapa watu ushauri wa safari ambayo mshauri hakuisafiri.

Sisi ni watu wa mlimani, upande wa Upare Kusini. Kwa wazee wetu, Same ilikuwa mahali pa kwenda na kurudi. Mtu alishuka kupanda treni, kuuza kitu gulioni, au kwa shauri lililo mbele ya serikali. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani kuja hapa hapa Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru, wakapiga kambi mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. (Tunataniwa kuwa Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, wazee wa mbiru walikuwa na kesi yenye thamani kubwa kuliko kuku.) Lakini hata hao, kambi ilipovunjika, walipanda kurudi makwao. Kulala tambarare na watoto lilikuwa jambo jingine kabisa.

Tulipoitwa kuja kusomesha madrasa mjini, tulikuwa na watoto watatu: mkubwa ana miaka saba na mdogo ana miezi minane. Tulionyeshwa nyumba pembezoni mwa mji, ng'ambo ya barabara kuu. Vyumba viwili na sebule, bati jipya, na uani mti wa mwarobaini. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tulikwenda kuitazama siku ya Ijumaa mchana, baada ya swala, tukaipenda, na tukarudi mlimani tukiwa tumekwisha kuamua ndani ya nyoyo zetu. Kilichobaki, kwa dhana yetu, kilikuwa ni kumpa habari mama wa watoto wetu.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Mtoto akishikwa usiku, na wewe hupo, nitamwita nani?"

Ndugu zetu, tulikuwa tumesoma kwa miaka mingi, na tumezisoma kwa lugha yake ya asili milango ya fiqhi inayohusu maskani ya mke. Tulikuwa tunajua kuwa wanazuoni wa Kihanafi waliandika kwamba mume amweke mkewe baina ya majirani wema, ili asiwe mpweke na asiwe mbali na wa kumnusuru. Tuliyasoma hayo, tukayafanyia mtihani, tukafaulu. Na bado hatukuwa na jibu la kumpa.

Hapo ndipo tulipokumbuka kisa cha Bi Hajar, mama yake Ismail (a.s.). Wengi wetu tunakisimulia kisa hiki kwa ajili ya Zamzam na kwa ajili ya Sa'yi, na ni haki. Lakini tazameni mambo mawili ndani yake. La kwanza, Nabii Ibrahim (a.s.) alipomwacha katika bonde lisilo na mmea wala mtu, mama yule alimfuata nyuma akimuuliza, akarudia kuuliza, mpaka alipojua kuwa ni amri ya Mola wake. Hakukemewa kwa kuuliza. Basi ikiwa aliyeachwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu aliuliza, vipi aulaumiwe mwanamke anayeuliza juu ya uamuzi wetu sisi, ambao haukuteremshiwa wahyi wowote? La pili limo katika riwaya ya Ibn Abbas aliyoipokea Imam Bukhari. Watu wa kabila la Jurhum walipoona ndege wakizunguka juu ya maji, walimjia wakamwomba ruhusa wakae karibu naye. Akawakubalia, kwa sharti kwamba maji yabaki kuwa haki yake. Na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa jambo lile lilimwafiki mama yake Ismail, kwa sababu alikuwa akipenda kuwa na watu. Maji alikwisha yapata, na bado alihitaji jirani.

Ni mashuhuri miongoni mwetu kusema kuwa jirani hutangulia nyumba, na wengine huyasema maneno hayo juu ya mimbari kana kwamba ni hadithi iliyothibiti. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, basi asiinasibishe mtu kwa Mtume (s.a.w.). Ama maana yake ni sahihi, nasi tulikuwa tumeitazama nyumba bila kumtazama jirani.

Mzee mmoja wa huku mlimani alitushauri jambo jepesi: rudini mkaitazame nyumba usiku, kisha mkaitazame asubuhi wakati wa maji, na mkeo aende mwenyewe. Tukafanya hivyo. Mama wa watoto akashuka, akakaa kwa jamaa zetu mjini siku tatu, na kila siku akienda kuketi katika mtaa ule. Alirudi na elimu ambayo sisi hatukuipata Ijumaa ile. Alijua maji yanatoka siku zipi. Alijua kuwa watoto wa mtaa ule huvuka barabara kuu kwenda shule, barabara ile ile ya mabasi na malori ya Tanga, Dar es Salaam na Arusha. Alijua nani ana pikipiki na hukubali kuamshwa usiku. Na alikwisha azimwa ndoo na mama mmoja wa nyumba ya tatu.

Juu ya maji tuseme kidogo, kwa kuwa anayetoka mlimani hudanganyika hapa. Same imo katika kivuli cha mvua. Mawingu humwaga juu ya milima, huku tambarare tukiachiwa upepo na vumbi. Ni kweli kuwa mradi mkubwa wa Same, Mwanga hadi Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi ulizinduliwa na Rais Samia mwezi Machi 2025, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini mradi kuzinduliwa ni jambo moja, na maji kufika katika uani unaotaka kupanga ni jambo jingine. Usimuulize dalali. Muulize mwanamke anayechota.

Na kuna jambo ndani ya maji ambalo hatukulitambua mpaka tuliposhuka. Kule juu tuna ndiva, bwawa dogo la wazee linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Ndiva ikibomoka hupigwa mbiu ya msaragambo, na kila nyumba hutoa mtu. Kwa hiyo mlimani ujirani hauchagui mtu. Upende usipende, utamjua aliye juu ya mfereji na aliye chini yake, utagombana naye na utapatana naye, maana zamu ya maji inawafunga pamoja. Mjini hakuna mfereji. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima ukuta kwa ukuta na mtu asiyejua jina lake. Ujirani wa mjini ni lazima uufanye kwa mikono yako, ama hautakuwepo.

Wala asidhani mtu kuwa tunausifu mlima kwa kuutamani tu. Mwezi Novemba mwaka 2009, katika kijiji cha Goha huko Mamba Miamba, mvua iliuporomosha mlima juu ya nyumba za watu, wakafariki zaidi ya watu 20. Tambarare ina hatari zake, na mlima una zake.

Baada ya kushauriana ndipo tuliposwali istikhara. Tunasisitiza neno "baada". Vijana wengi huifanya istikhara kuwa badala ya kufikiri: huswali rakaa mbili, wakalala wakingoja ndoto, wakiota kijani wanahama, wakiota nyoka wanabaki. Hadithi ya Jabir haitaji ndoto. Inamzungumzia mtu aliyekwisha kulikusudia jambo, kisha akamkabidhi Mola wake aliyafanye jepesi au amwepushe nalo. Ama wale wanaopeleka udongo wa kiwanja kwa mpiga ramli, au wanaozindika nyumba kabla ya kuingiza kitanda, hao wanalipa fedha ili wasiulize maswali ambayo jirani angewajibu bure.

Tukahama. Na tulikuwa na ndugu yetu, naye ana familia changa, ambaye alitaka kushuka pamoja nasi ili awe karibu na msikiti mkubwa na darsa. Yeye ndiye anayesomesha Qur'ani watoto wa kijiji kile, na hakuna mwingine. Tulimsomea kisa cha Banu Salima. Watu hawa walikaa mbali katika Madina, na viwanja vilipopatikana karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.) walitamani kuhamia hapo. Mtume (s.a.w.) akawataka wabaki majumbani mwao, akiwafahamisha kuwa nyayo zao za kuja msikitini zinaandikwa. Na katika riwaya ya Anas imo sababu nyingine: alichukia pembe za mji zibaki tupu. Ndugu yetu akabaki. Tunaamini alipatia, na tunaamini nasi tulipatia, japokuwa siku nyingine, tukisikia kuwa darasa lake limefika watoto arobaini, tunajiuliza.

Wiki ya tatu mtoto wa kati akashikwa na homa. Watoto waliokulia kwenye baridi ya juu, ambako mbu wa malaria ni wachache, miili yao haijazoea ugonjwa huu, nao huwaangusha upesi. Anayeteremka na watoto lazima alijue hili: chandarua kitangulie kitanda, na homa ya kwanza isingojwe hadi asubuhi. Ilikuwa saa nane za usiku, nasi tulikuwa tumesafiri. Mama wa watoto alimwita yule mama wa nyumba ya tatu. Naye akaja na kanga yake, akamwamsha mwenye pikipiki, akakaa na watoto wawili waliobaki mpaka alfajiri. Mtoto alipimwa, akapewa dawa ya mseto, akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Mama yule ni Msabato. Wasabato wamekuwamo katika milima yetu tangu walipofungua misheni ya Giti mwaka 1903, na ni nani kati yetu asiye na shangazi au mjomba miongoni mwao? Chungu chake hakijui nguruwe wala nyumba yake haijui pombe; Jumamosi tu ndiyo hatumwoni gengeni. Wapo waliotuuliza kama inajuzu kumpelekea makande yetu. Swahaba Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akawa anauliza na kurudia kuuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Jibu letu ni hilo.

Homa ile ilitukumbusha swahaba walipofika Madina. Walikuwa wametoka Makka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hakuna aliyewalazimisha kuipenda Makka, na bado Bilal (r.a.), akiwa amelala kwa homa ya Madina, aliimba kwa kulilia mabonde ya kwao na majani yake. Hakuna aliyemwambia kuwa imani yake ina upungufu. Mtume (s.a.w.) aliomba dua: Madina wapendezwe nayo kama Makka au zaidi, iwe na afya, pishi yake na kibaba chake vibarikiwe, na homa iondoke. Afya, chakula, na moyo kutulia. Tukamwambia mama wa watoto wetu kuwa anaweza kulia, naye akatujibu kuwa hakuwa anangoja ruhusa.

Lililobaki hatujalipatia dawa. Mama yetu mzazi yuko mlimani peke yake. Alikataa kushuka; anasema hawezi kunywa maji ya mfereji wa chuma. Ana haki juu yetu kubwa kuliko haki ya madrasa, na kila mwisho wa mwezi tunapompandia tunamkuta amepungua kidogo. Na watoto wanaanza kuisahau Chasu. Mdogo huzungumza na bibi yake kwa Kiswahili, na bibi humjibu kwa Chasu, kila mmoja akicheka lugha ya mwenzake. Tumepanga kwamba kila likizo mtoto mmoja akalale kwa bibi, amchotee maji na amsomee juzuu aliyohifadhi. Bibi huwahesabia zamu kama zamu za ndiva. Likizo ijayo ni zamu ya yule aliyeshikwa na homa, naye amekwisha funga begi lake.

Wabillaahi tawfiiq.