Mganda, Zeze na Gitaa: Kipi Kigeni?



Ndugu zetu wazazi wa Namasakata, mmetutaka tuwazungumzie vijana wanaochanganya ngoma za jadi na magitaa ya Kizungu. Hukumu ya ala za muziki ni mlango mwingine, hatutaufungua leo. Tunaloliangalia ni hoja inayosikika sana barazani, kwamba muziki wao ni mbaya kwa kuwa umechanganywa, ilhali mganda ni safi kwa kuwa ni wa asili.

Hoja hiyo haisimami. Katika miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakaziiga, ikazaliwa ngoma ya beni. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikaisambaza bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa hata na majenerali wao! Mganda wa Ziwa Nyasa ni jamaa wa beni hiyo. Tazameni wachezaji wanavyojipanga safu kwa safu, na kaptula zao nyeupe na soksi ndefu: ile ni gwaride. Vibuyu wanavyopuliza navyo vinaiga tarumbeta. Basi ni asili gani hiyo inayovaa soksi?

Wa beni waliiga kilichowajia. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, yeye alifuatwa kwa alichokuwa nacho. Mwaka 2002 alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Zeze na ilimba havikupotea humo. Mwenye kukijua chake barabara hamezwi na mgeni.

Tunalisisitiza hili kwa sababu kijana akigundua kuwa tumemkemea kwa hoja isiyo ya kweli, hatatusikiliza tutakapokuja na ya kweli. Tumuulize anaimba maneno gani, mpaka saa ngapi za usiku, na ni nani anayemlipa. Hapo ndipo penye mazungumzo.

Na nyinyi wazee mliouona mganda wa zamani, tunawaomba mtusimulie nyimbo zake zilisema nini. Daftari tunalo, na wanafunzi wakubwa wako tayari kuandika.