Pampu za Jotoardhi Majumbani: Tatizo la Shimo Lisilojazwa



Nimeombwa nieleze namna mifumo ya jotoardhi inavyopasha na kupoza nyumba zetu hapa Minnesota. Nitakayoyasema ni maoni yangu kama fundi, si msimamo wa mwajiri wangu.

1. Maana

Mliotoka Kenya mkisikia jotoardhi mnaikumbuka Olkaria na mvuke unaozungusha mitambo ya umeme. Huku hatutafuti mvuke. Ukishuka mita kumi chini ya ua wa nyumba ya Minneapolis, udongo una takribani nyuzi 10 za Selsiasi, iwe Januari au Julai. Bomba la plastiki lenye maji na dawa ya kuzuia yasigande huteremshwa shimoni, likapinda chini kabisa na kurudi juu. Maji yanarudi na joto kidogo, na pampu ya joto inalikusanya kwa kompresa na gesi, kama jokofu linavyofanya. Jokofu huondoa joto kwenye chakula na kulitoa jikoni. Pampu huliondoa ardhini na kulitoa sebuleni. Kiangazi vali hugeuza mkondo, joto la nyumba likarudi ardhini. Kwa uniti moja ya umeme, mfumo mzuri hutoa uniti tatu hadi nne za joto. Lakini hayo yote hutegemea shimo.

2. Tatizo la shimo

Shimo la kawaida lina upana wa sentimita kama 15 na kina cha futi 200 hadi 300. Bomba haligusi kuta zake kote. Uwazi unaobaki hauna budi kujazwa uji wa bentonaiti uliochanganywa na mchanga. Mpira wa kupitishia uji huteremshwa hadi chini, uji ukasukumwa, ukapanda taratibu huku ukifukuza maji na hewa mpaka utokeze juu. Kazi hiyo ndiyo inayorukwa.

Februari moja niliitwa kwa mama mmoja, mtu wa kwetu. Alikuwa amekwisha kubadilishiwa kompresa. "Mwanangu," akaniambia, "nimelipa mara mbili na bado nalala na koti." Nilipofunga kipimajoto, maji yaliyotoka ardhini yalikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, na hita ya umeme ya akiba ilikuwa ikiwaka mchana kutwa. Theluji ilipoyeyuka tukafukua kichwa cha shimo. Udongo ulikuwa umedidimia. Nikasukuma nondo, ikazama mpaka mkono ukagusa ardhi, na nilipoivuta ilitoka kavu. Mchimbaji alikuwa amerudishia mabaki ya kutoboa kwa koleo kutoka juu, yakakwama njiani, na chini yake palikuwa na hewa tupu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Bomba lilikuwa limevaa blanketi.

Kompresa ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Mchimbaji huondoka kabla fundi wa pampu hajafika, na fundi huyo huona ncha mbili tu za bomba. Mimi mwenyewe nimesaini kazi za namna hiyo miaka ya mwanzo, kwa kuwa sikuwa na la kukagua, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wapo wanaojitetea kwamba Uswidi mashimo mengi hayajazwi. Ni kweli, lakini kule ni mwamba mgumu, na maji ya ardhini hulijaza shimo yenyewe. Udongo wetu wa mchanga na changarawe hauko hivyo. Tena shimo lililo wazi ni njia ya uchafu kufikia maji ya kunywa, ndiyo maana hapa kibali hutolewa na idara ya afya ya jimbo. Tena maji yakipata njia huharibu hata majengo: huko Staufen, Ujerumani, mwaka 2007 yalitobolewa mashimo saba ya takribani mita 140 ili kupasha jengo la manispaa. Maji ya chini yalipanda hadi tabaka la anihidriti, tabaka hilo likageuka jasi na kuvimba, na nyumba zaidi ya 200 zikapasuka kuta.

3. Mapendekezo

Natambua kwamba wakaguzi ni wachache na idara husika zina majukumu mengi. Hata hivyo, napendekeza uji ujazwe kutoka chini, kamwe si kwa koleo kutoka juu. Magunia ya bentonaiti yahesabiwe mbele ya mwenye nyumba na idadi iandikwe kwenye mkataba. Malipo ya mwisho ya mchimbaji yasubiri uji utokeze juu na kuonekana. Fundi wa pampu awepo siku hiyo, hata kwa saa moja. Fundi asiyeonyeshwa kumbukumbu za ujazaji asisaini. Kompresa isibadilishwe kabla ya kupima maji yanayotoka ardhini. Narudia: uji ujazwe kutoka chini.

Kwa nyumba ambazo tayari zina mfumo, jotoridi la maji hayo lipimwe kila mwisho wa Februari, na namba ibandikwe kwenye mlango wa pampu ili fundi ajaye aione. Vipimajoto viko mezani pale nyuma; nitabaki hadi saa kumi kuwaonyesha pa kuvifunga.