Tezi za Shingoni: Picha Kwanza, Sindano Baadaye

Kutoka Kisarawe hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, si mbali. Kinachomchelewesha mwenye uvimbe shingoni ni kubahatisha: leo antibiotiki, kesho akandwe, mwezi ujao tutaona. Ultrasaundi ingefupisha safari hiyo. Tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida huonekana kama punje ya haragwe: imerefuka kidogo, katikati ina utepe mweupe wa mafuta, na damu huingilia hapo. Yenye saratani mara nyingi huwa duara, utepe umetoweka, damu inapita pembezoni.

Lakini tahadhari, msikilizaji. Kifua kikuu cha tezi, ambacho bado kinatusumbua sana nchini, huweza kuiga sura hiyo hiyo. Picha basi haitoi hukumu. Inaonyesha tezi ipi ichomwe sindano ili chembe zipimwe maabara. Mwenye limfoma, yaani saratani ya tezi hizi, akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kipimo hicho, anapoteza miezi ambayo angeweza kutibiwa.

Kwa hiyo tusihesabu mashine za ultrasaundi tu. Anayeitumia mashine hiyo katika hospitali ya wilaya afundishwe kusoma tezi kama anavyosoma mimba, na sampuli zipate usafiri wa uhakika hadi maabara.