Watoto 90, mwalimu mmoja: deni litalipwa na nani?

Neno kwa wazazi, walimu na vijana wa Musienene



Niko na lisansi, sina kazi. Wengi hapa tuko vile vile. Mtu anaweza kuuliza: huyu shomeri anatuongelesha juu ya masomo, yeye yalimfikisha wapi? Swali ni la haki. Lakini kazi ikikosekana, hiyo si sababu ya kumnyima mtoto kusoma. Mtoto asiyejua kusoma hata barua ya kuomba kazi hataiandika.

Tufanye hesabu kidogo. Somo la kusoma lina dakika 30. Kalasi ikiwa na watoto 90, kila mmoja anapata sekunde 20 za kusoma mbele ya mwalimu. Wakiwa 30, kila mmoja anapata dakika nzima. Tuje kwa madaftari: dakika mbili kwa kila daftari, madaftari 90 ni saa tatu. Mwalimu gani ataketi saa tatu kila jioni, na mshahara wenyewe haufiki mwisho wa mwezi? Atapitisha kalamu haraka, atafunga. Na mtoto atabeba kosa lake mpaka darasa la sita.

Tulifikaje hapa? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilishindwa kulipa walimu, wakagoma. Wazazi wakaanza kuwalipa kwa ile tuliyoita primu. Ilikuwa msaada wa muda, ikakaa karibu miaka 30. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Ikabaki karatasi mpaka Septemba 2019. Ndipo watoto kwa mamilioni wakaingia shuleni. Hiyo ni furaha, tusiifiche. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo ule. Kiisha vita ikaongeza mzigo: Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, familia zilikimbilia Lubero na Butembo, na watoto wao nao wanahitaji pa kuketi.

Kuna wanaosema turudishe primu. Hapana! Primu ilikuwa inafukuza mtoto wa maskini, na nyumbani pesa zikipungua, msichana njo alikuwa anaachishwa wa kwanza. Dawa ya kalasi iliyojaa si kumtoa nje mtoto wa jirani.

Tuangalie majirani. Kenya ilifanya shule ya msingi kuwa bure mwaka 2003, kalasi zikajaa sawa na zetu. Mwaka 2005, watafiti walijaribu jambo moja huko magharibi: shule kadhaa zikapata mwalimu mmoja wa kuongeza, kalasi ikashuka kutoka watoto zaidi ya 80 mpaka karibu 45. Matokeo? Watoto waliobaki na walimu wa kawaida hawakuendelea sana, kwa sababu walimu wale walipunguza bidii. Walioendelea ni wale wa mwalimu mpya wa kandarasi. Na pale wazazi walipofundishwa kufuatilia kazi ya shule, mambo yalikuwa mazuri zaidi. Kupunguza watoto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mwalimu aliyepo, anayelipwa, na mzazi anayeuliza.

Tena jambo hili halimalizikii kwa mtoto mmoja. Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 katika miaka ya 1970. Wasichana waliosoma pale walipokuwa wamama, watoto wao nao walifika mbali zaidi shuleni. Faida ilirithiwa. Hasara nayo inarithiwa: mwalimu wa leo wengi wao walisoma wakati wa primu, na mtoto aliye nyuma ya kalasi ya 90 leo njo atakuwa mwalimu wa mjukuu wako.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Kila shule ihesabu watoto kwa kila darasa, hesabu ibandikwe mlangoni. Sisi vijana tutaikusanya na kuipeleka kwa ofisi ya elimu.

2. Komite ya wazazi ichaguliwe na wazazi wenyewe, iketi kila mwezi, iulize: mwalimu alikuja siku ngapi? Alilipwa?

3. Serikali iwaweke kwenye orodha ya mshahara walimu wote wanaofundisha bila kulipwa. Huwezi kudai bidii kwa mtu mwenye njaa.

4. Sisi wenye diploma tutoe Jumamosi, kila mmoja na watoto kumi, kusoma tu. Lakini serikali isitufanye kisingizio: tunasaidia, hatuchukui nafasi yake.

Mtoto wa darasa la kwanza hana nafasi ya kungoja uchaguzi mwingine. Mwaka ukimpita, umempita. Hesabu ianze Jumatatu.